Seli Zilizokuwa Njiani

Kosa langu la kwanza kazini lilikuwa usafi. Najua mnacheka, ninyi mnaoanza kazi ya maabara leo na kuambiwa kila asubuhi kwamba usafi ndio mwanzo wa yote. Chekeni, lakini nisikilizeni. Nilifuta vioo vya mikroskopi ambavyo havikupaswa kufutwa. Nilivifuta kwa sabuni na majivu hadi vikang'aa, na katika kuondoa nilichodhani ni uchafu, niliondoa kitu kile kile ambacho mwalimu wetu alikuwa anakitafuta.

Hii ilikuwa Bunia, katika miaka ya sabini, nchi ikiitwa Zaire na sisi sote, mkubwa kwa mdogo, tukiitana citoyen, yaani raia. Nilikuwa mtayarishaji wa maabara, préparateur, katika taasisi moja ya kufundishia walimu. Kazi ya préparateur ni kutengeneza kitu ambacho wengine watakitazama. Mwanafunzi anainama kwenye mikroskopi, anaona seli zimejipanga kama mashamba ya Marabo ukiyatazama kutoka kilimani, anasema "ah!", anachora. Hajiulizi nani alikata, nani alibandika, nani alitia rangi. Ukifanya vizuri, huonekani.

Sikuisomea kazi hii. Nilitoka Bogoro, kwa watu wa ng'ombe, nikaacha shule kabla ya diploma kwa sababu baba aliugua. Nilijifunza kwa kutazama mikono ya mtu mmoja na kusoma kitabu kimoja cha Kifaransa kilichokuwa kimepoteza kurasa zake za mwanzo. Mtu aliyejifunza mwenyewe ana ugonjwa wake. Anaamini kwamba waliosoma wote waliambiwa siri fulani, labda katika kurasa zile zilizopotea, na kwamba siku moja watagundua kuwa yeye hakuambiwa. Nilifunga mlango wa maabara, nikafika barabarani, nikarudi kushika kitasa tena. Niliandika lebo ya kioo upya na upya mpaka karatasi ikatoboka. Mtu akisema "Citoyen, njoo kidogo," nilianza kutafuta kosa nililofanya. Kama kati yenu yuko mmoja wa namna hiyo, na najua yuko, nimewaona mnavyopangusa meza iliyokwisha kupanguswa, basi maneno haya ni yake kwanza.

Mikono niliyoitazama ilikuwa ya Mzee Ngabu. Alikuwa amejifunza kazi katika maabara ya hospitali kabla ya uhuru, naye alikuwa na mkono wa kushoto usio na nywele hata moja. Kisu cha mashine ya kukatia, mikrotomu, kinapaswa kunolewa kwenye mkanda wa ngozi ya ng'ombe, halafu unakijaribu kwa kunyoa nywele za mkono wako. Kikinyoa bila kuvuta, kimekuwa tayari. Yeye alikuwa amekijaribu kwa miaka mingi.

"Muke wangu anasema mukono moya iko ya mwanaume, ingine ya mutoto," aliniambia siku ya kwanza. Kisha akanitazama nikishika kisu. "Lakini weye, petit, unashika hii kisu sawa unashika nyoka. Iko chuma tu. Hapana kuiogopa, hapana kuichezea."

Kutoka kwake nilipata mambo ambayo kitabu changu hakikuwa nayo. Asubuhi za Bunia ni baridi, na nta, ambayo ndani yake tunagandisha kitu cha kukatwa, hupasuka ikikatwa ikiwa baridi. Basi unaikaribia na kuipulizia pumzi ya joto, taratibu, "sawa unapulizia mutoto uji," ndipo vipande vinatoka vimeshikana kama utepe. Utepe unaulaza juu ya maji ya vuguvugu ili ukunjuke, na maji hayo unayapima kwa upande wa ndani wa kiganja, sio kwa kidole, maana kidole cha mtu wa maabara kimekwisha kufa ganzi kwa dawa. Kipande unakibandika kwenye kioo kwa ute mweupe wa yai. Yai lile lile lililotupa kitu cha kukata. Hakuna kilichopotea katika yai kwetu, isipokuwa kulila.

Kuhusu mayai, niwaambie. Tulihitaji viinitete, yaani vifaranga ambao bado wanajijenga ndani ya yai, kwa hiyo yai lisilo na jogoo halikuwa na faida. Nilikwenda sokoni kwa Mama Dheve, aliyekuwa akiuza mayai pamoja na ndizi, nikamuuliza kwa upole wote:

"Mama, hii yai iko na baba?"

Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni. "Weye unakula yai ao unaoa yai?"

Wanawake waliokuwa karibu naye walishikana mabega kwa kicheko. Tangu siku hiyo kila nilipotokea alipaza sauti: "Ule kijana wa école amefika! Anauliza baba ya kila yai, na yeye mwenyewe hata muke hana!" Lakini alinitafutia mayai ya kuku waliotembea na jogoo, tena mapya, yaliyowekwa mbali na jua. Vijana, watu wa sokoni watawacheka. Waacheni wawacheke. Mtu anayekucheka anakukumbuka, na anayekukumbuka anakuwekea yai zuri.

Dawa yetu ya kugandishia viinitete ilikuwa ya manjano, na manjano yake hayatoki kwenye ngozi. Nilipokwenda Bogoro mara ya kwanza baada ya kuanza kazi, mama aliona vidole vyangu, akafumba mdomo kwa kanga, akaenda kuchemsha majani ya homa ya manjano. Nilimweleza ni rangi tu. Alisema mgonjwa hajui ugonjwa wake. Niliyanywa yote. Yalikuwa machungu kuliko kitu chochote nilichowahi kukitia rangi.

Sasa nije kwa Asistanti Afoyo, maana bila yeye vioo vile vingekuwa vioo tu.

Alikuwa mwanamke wa upande wa Mahagi, mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi upande mmoja, na alifundisha jinsi kiumbe kinavyojijenga kabla ya kuzaliwa. Asistanti si profesa. Alikuwa bado na mémoire, yaani tasnifu, ya kutetea mbele ya wajumbe wanaotoka Kisangani, na alikuwa amekwisha kukataliwa mara moja. Mkuu wa taasisi alikuwa amemwambia wazi: wakimkataa tena, atarudi kufundisha sekondari Mahagi, na chumba cha maabara kitapewa sehemu ya biashara, waweke mashine zao za kuandikia. Mimi na Mzee Ngabu tungekwenda pamoja na chumba. Lakini nisiwadanganye, sikujiwazia mimi peke yangu. Wanafunzi wa Asistanti Afoyo walitoka darasani wakibishana njia nzima hadi mtaa wa Mudzipela. Mara ngapi mmeona mwalimu wa namna hiyo?

Alichotafuta kilikuwa hiki. Ubongo haujengwi kama nyumba, tofali likiwekwa mahali pake na kubaki pale. Seli za neva huzaliwa ndani kabisa, kwenye ukuta wa uwazi uliojaa maji, halafu zinaondoka. Kila moja hupanda kuelekea nje ikijishika kwenye uzi mrefu mwembamba uliosimama kutoka ndani hadi nje, jinsi haragwe linavyojishika kwenye kijiti. Ikifika kwenye tabaka lake, huachia uzi na kukaa. Seli elfu na elfu, zote zinasafiri, na kila kundi linafika kwake. Zisipofika, au zikisimama mahali pasipo pake, ubongo ule hautafanya kazi sawasawa.

Swali lilikuwa: nani anaziambia njia? Wengine walisema zinasukumana tu, kama watu wanaotoka kanisani baada ya misa. Asistanti Afoyo aliamini kuna kitu kinachotoka kwenye seli nyingine, kemikali fulani, kinachoita, kinachofukuza, kinachosema simama hapa.

Siku aliponieleza hayo nilisahau hofu yangu kidogo. Nilimwambia kwetu Bogoro, jua likishuka, tunawasha kinyesi kikavu katikati ya zizi. Moshi unakwenda na upepo hadi malishoni. Ng'ombe hawaoni moto wala hawaoni nyumba, lakini wanaugeukia moshi na kurudi, kwa sababu penye moshi nzi hawaumi.

Alivua miwani yake akacheka. "Voilà! Njo ile, citoyen. Ng'ombe tunaona. Siye tunatafuta moshi."

Basi akaniomba nimkatie vichwa vya viinitete vya umri mbalimbali, vipande vyote kwa mfululizo, kutoka ubongo mchanga hadi uliokwisha kupangika. Nilifanya kazi hiyo kama mtu anayetengeneza altare. Na hapa ndipo niliposhindwa.

Katika vichwa vya umri mdogo niliona tabaka moja nene ndani, safi. Katika vichwa vya umri mkubwa niliona matabaka mazuri, moja juu ya jingine. Lakini katika vile vya katikati kulikuwa na fujo. Seli moja moja zilitapakaa penye nafasi tupu, nyembamba, ndefu, zimelala upande huu na huu. Katika kitabu changu hapakuwa na picha ya kitu kama hicho. Nikajiambia: umekata vibaya. Kisu kimezivuta. Wataona hukusoma.

Vioo vilikuwa adimu, sanduku likija kutoka mbali lilikuja na vilivyovunjika nusu, na tulizoea kuosha vya zamani na kuvitumia tena. Kwa hiyo sikujiona mharibifu. Nilivikusanya vioo vyote vya katikati, nikavifuta, nikavikausha juani, nikavipanga. Na kwa kuwa mimi ni mtu wa kumaliza, nta yote ya vichwa vile nilikuwa nimeikata hadi mwisho. Hapakubaki kitu cha kurudia.

Asistanti aliketi karibu na dirisha, maana mikroskopi yetu ilitumia kioo cha kunasa mwanga wa jua. Alitazama trei ya kwanza, akatikisa kichwa kwa furaha. Alitazama ya pili. Nilisimama nyuma yake nikihesabu pumzi zangu.

"Citoyen, hii iko muzuri. Muzuri sana," alisema. "Hapa batu beko nyumbani. Hapa batu beko sokoni. Sasa wenye kutembea beko wapi?"

"Wenye kutembea?"

"Ile ya katikati. Seli moja moja, ndefu, sawa chozi."

"Asistanti, zile... nilifikiri ni uchafu. Nilifikiri kisu kilizivuta."

"Na umeziweka wapi?"

"Nilizifuta."

"Zote?"

"Zote."

Hakunifokea. Ningependa angefoka. Alivua miwani, akaifungua na kuifunga, uzi ukakatika, akabaki akitazama uzi ule mkononi. Wajumbe wa Kisangani walikuwa wanakuja mara baada ya Pasaka, na ilikuwa Kwaresima tayari. Mzee Ngabu ndiye aliyesema, kutoka kwenye kona yake ya kunolea visu:

"Usafi ya huyu mutoto itatuuwa siye bote."

Kisha akainuka, akachukua kikapu cha mayai kwenye msumari, akanisukumia kifuani. "Unangojea nini? Enda kwa ule mama yako wa soko."

Mama Dheve alinijazia kikapu, na kwa mara ya kwanza hakunitania. Nadhani uso wangu ulimwogopesha. Mayai tuliyaweka katika kuvezi, kabati la umeme linalotunza joto, na kwa siku mbili nilipumua. Siku ya tatu umeme ulikatika. Mashine ya bwawa la umeme ilikuwa na ugonjwa, walisema, labda kesho, labda wiki ijayo. Niliweka kiganja ndani ya kuvezi na kuhisi joto likiondoka. Nilianza kulia, niseme kweli, mtu mzima mwenye koti jeupe.

Mzee Ngabu alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Weye unafikiri kuku anangojea umeme ya bwawa?"

Siku ile ile tulibeba mayai yaliyokuwa bado na uhai hadi kwake Mudzipela. Tulijua yana uhai kwa kuyashika mbele ya tochi ndani ya sanduku lenye giza: lililo zima linaonyesha mishipa midogo myekundu kama mizizi, lililokufa linaonyesha mviringo mweusi tu. Alikuwa na kuku wawili walioatamia, majirani wakaongeza wengine, na mayai zaidi yalitafutwa. Nilikuwa na mashaka makubwa. Kuku huinuka kula. Kuku hageuzi mayai kwa saa. Joto la kuku halina namba. Nikawa nakwenda kuwainua na kuwatazama kila nilipopata nafasi, mpaka mke wa Ngabu akanitokea na ufagio.

"Toka hapo! Acha kuku apumuzike! Hata miye wakati nilizaa hakuna mutu aliniangalia vile!"

Kuku walifanya kazi yao. Kweli, umri wa mayai ulichanganyika, moja limepoa kidogo huku, jingine limewekwa nyuma ya mengine, na mimi nilikosa usingizi kwa hilo. Nilipomwambia Asistanti, macho yamenishuka, alijibu: "Kama beko na umri tofauti kidogo, tutabaona batu ku kila sehemu ya njia. Endelea, citoyen."

Nilikata bila mapumziko. Vumbi la kunolea, tunalopaka kwenye mkanda, lilikuwa limekwisha na kisu kilikuwa na pengo dogo, dogo kuliko mbegu ya ulezi, lakini kila kipande kilitoka na mkwaruzo katikati kama barabara inayopita shambani. Tulitia chumvi kidogo ya madini ya fedha iliyobaki, ambayo hushika nyuzi za neva na kuzifanya nyeusi. Nikaweka kioo kwenye mikroskopi.

Zilikuwa pale, kando kabisa ya mkwaruzo. Seli tatu, nne, zikifuatana juu ya uzi mmoja, kila moja na kichwa kinene na ncha nyembamba mbele, imenyooshwa kwenye uzi kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Zote zinaelekea upande mmoja. Hazikuvutwa na kisu. Zilikuwa zinakwenda.

Na mkwaruzo ulikuwa unayaumiza macho yangu. Nitawaambia jambo ambalo nimewaambia watu wachache. Nilikuwa na kitambaa chenye alkoholi mkononi. Baada ya yote yale, mkono wangu ulikuwa bado unataka kufuta, nikate tena, labda kitatoka kingine kizuri zaidi. Wenye ugonjwa wangu mnaelewa. Nilimwita Mzee Ngabu, nikampa kitambaa, nikamwomba akifiche mahali nisipokijua.

Alinitazama, akakitazama kitambaa, akakiweka kwenye kiti chake, akakikalia. Alikikalia hadi nilipomaliza sanduku zima, na suruali yake ilinuka alkoholi hata Jumapili.

Siku ya utetezi, ukumbi ulijaa wanafunzi hadi madirishani. Nilikuwa mbele, kwa sababu mtu alihitajika kuelekeza kile kioo cha mwanga jua lilipohama. Wajumbe walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa profesa mzee aliyevaa koti la abacost la kijivu lililofungwa hadi shingoni. Aliinama kwenye mikroskopi, akainua kichwa haraka.

"Nani alikata hii?"

"Ni mimi, Citoyen Profesa."

"Kisu yako iko na pengo."

"Ndiyo."

"Unajua, na unaleta tu?"

Nilimtazama Asistanti. Yeye alikuwa anatazama karatasi zake. Hakuna aliyenisaidia, na leo nashukuru. "Citoyen Profesa," nilisema, "angalia kando ya mkwaruzo. Ziko njiani."

Aliinama tena. Alikaa hivyo kwa muda mrefu, akigeuza skrubu kwa ncha za vidole, na midomo yake ikawa inasogea kama mtu anayehesabu. Hatimaye akainuka. Aliwaambia wenzake, "Tazameni," akawapisha.

Kisha akamgeukia Asistanti Afoyo. Maswali mengi alijibu vizuri. Mwishoni profesa alifungua ukurasa wa hitimisho na kuweka kidole chake.

"Hapa unaandika: seli hizi zinaongozwa na ishara za kemikali zinazotoka kwenye seli nyingine. Umejuaje?"

Asistanti akamsimulia moshi. Moshi wangu wa Bogoro, zizi, upepo, ng'ombe wanaogeuka bila kuona moto. Wanafunzi walicheka kwa kupenda, hata mjumbe mmoja alitabasamu. Profesa alimsikiliza hadi mwisho.

"Ni nzuri, Citoyenne. Mimi pia nadhani moshi uko. Watu wakubwa kuliko mimi wanadhani hivyo. Lakini leo umenionyesha ng'ombe, tena umenionyesha vizuri. Moshi hujanionyesha. Ondoa sentensi hiyo, na kazi imekubaliwa."

Asistanti alichukua kalamu, akaweka mémoire juu ya meza, akavuta mstari mmoja ulionyooka juu ya sentensi ile. Hapo ndipo makofi yalipoanza, na kelele, na wanafunzi wakaanza kumwimbia. Maabara ilibaki kwetu. Mashine za kuandikia zilitafutiwa chumba kingine.

Lakini mimi nilikuwa na hasira. Nilipokuwa nafunga mikroskopi nilimwambia: "Asistanti, sentensi ile ilikuwa ya kweli. Ilikuwa ndiyo nzuri kuliko zote. Kwa nini hukukataa?"

Alikuwa anafunga miwani yake kwa uzi mpya. "Profesa iko na haki," alisema. "Ile moshi sikuiona. Kama ningeiacha, ningefanya sawa weye na bioo: ningefuta ile sijui, ili kazi ionekane muzuri."

Nimeyabeba maneno hayo katika miaka yote iliyofuata. Mzee Ngabu alipostaafu aliniachia mkanda wake wa ngozi, na katika miaka ya themanini ni mimi niliyekuwa na mkono usio na nywele. Nilifundisha wengi. Wengine walikuwa wavivu, na mvivu unamwambia mara moja anaelewa. Walionipa kazi ni wale waliotetemeka. Kuna msichana mmoja wa Iga Barrière aliyeficha mfukoni vioo alivyodhani ameharibu, vikavunjika, vikamkata paja. Nilimfunga kidonda, nikamwambia habari ya kitambaa kilichokaliwa. Alicheka hadi machozi, na baadaye alikata vizuri kuliko mimi. Sikuwahi kumwambia mtu asiwe na hofu, maana mimi mwenyewe sikuweza kuacha. Niliwaambia tu wasiache hofu ishike kitambaa.

Nilistaafu. Asistanti Afoyo, ambaye alikuja kuwa profesa na bado mimi namwita Asistanti, alirudi Mahagi kupumzika. Mwaka fulani kijana anayefundisha sasa pale tulipokuwa aliniletea kurasa za somo lake, akijua napenda. Nilizisoma taratibu, kidole chini ya mistari. Kisha nilitafuta simu.

"Asistanti," nilisema, "bameuona moshi."

"Nani?"

"Batu mingi, mbali. Wameupa majina. Kuna moja inaitwa netrini, inaita. Zingine, semaforini, zinafukuza. Kuna moja, rilini, inasaidia seli kujua pa kusimama."

"Beko na ushahidi?"

"Beko nayo. Wakiiondoa rilini kwa panya, matabaka yanavurugika."

Nilisikia kiti kikisogezwa, droo ikifunguliwa, karatasi. Alikuwa na nakala yake ya mémoire. "Ngoja," alisema, "niandike ile phrase tena hapa juu." Akaiandika sentensi aliyoikata, mimi nikisikiliza kalamu.

Hivyo ndivyo mambo yalivyo sasa. Tulizoea kuziona seli zikisafiri bila kujua zinaitwa na nini. Leo ishara nyingi zinajulikana kwa majina, ingawa si zote, na wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanazisoma Bunia. Na katika maabara ile, kioo hakifutwi tena mpaka watu wawili wakitazame.